Mguu Uliopona Usiumizwe Tena



Safari hii hatuandiki juu ya nyongeza ya mshahara, twaandika juu ya visigino. Mtu anayefanya kazi yake amekaa kitini aweza kucheka akisoma hayo. Wachukuzi wa Luanda Kotieno hawatacheka, wala mabaharia wa feri, wala akina mama wanaobeba omena kwa karai kutoka mashuani, kwa maana wote wajua ya kuwa riziki ya mtu wa ufukoni imo katika miguu yake. Mguu ukigoma, mfuko nao hugoma siku hiyo hiyo.

Kila mtu wa pande hizi ajua kazi ya gati letu. Feri inayovuka kwenda Mbita hukata mlango wa Ghuba ya Winam, na msafiri wa kutoka Siaya aepuka safari ndefu ya kuzunguka kwa Kisumu, Ahero, Kendu Bay na Homa Bay. Kwa sababu hiyo mizigo ni mingi, na mizigo haishuki yenyewe. Mashua nyingi hazifiki mpaka mchanga mkavu, hivyo mtu huingia majini, hupokea mzigo begani, hutembea juu ya mawe yanayoteleza, kisha hupanda mpaka penye ardhi ngumu. Hufanya hivyo tangu alfajiri, miguu mitupu, au amevaa kandambili zilizokwisha.

Twaandika kwa sababu jambo moja larudiarudia. Mfanya kazi hupatwa na maumivu ya kisigino. Hustahimili mwezi, hata miwili, halafu huenda kutibiwa. Hupewa dawa, pengine sindano, huambiwa apumzike. Hupumzika siku chache kwa mashaka, maana asiyebeba halipwi. Maumivu yakiisha, hurudi kazini siku ile ile na kubeba kama alivyokuwa akibeba. Majuma machache hayajapita aumwa tena, na mara hii vibaya zaidi. Hapo maneno huwa mengi. Huyu asema dawa ilikuwa mbovu, yule asema kuna mtu amemtendea, na nyapara asema ni uvivu. Sisi twasema hivi: mguu ulitibiwa, lakini kazi iliyouumiza haikutibiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa haukuzibwa.

Yafaa kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Chini ya wayo kuna ukano mpana, mgumu. Upande mmoja umeshikamana na mfupa wa kisigino, na upande wa pili umekwenda mpaka kwenye mashina ya vidole. Kazi yake ni kushikilia upinde wa wayo, kama kamba inavyoushika upinde wa mwindaji. Kila hatua huuvuta ukano huo, na mtu akiwa na gunia mgongoni huvutwa kwa nguvu zaidi. Ukivutwa kupita kiasi siku nyingi bila nafasi ya kupumzika, huumia pale uliposhikamana na kisigino. Dalili yake yajulikana. Hatua za kwanza za asubuhi ni kama kukanyaga msumari. Mtu akitembea kidogo maumivu hupungua, lakini hurudi jioni baada ya kazi, au akiinuka baada ya kukaa. Madaktari hukisia kwamba katika kila watu kumi, mmoja hivi hupatwa na maumivu ya kisigino wakati fulani wa maisha yake. Huwapata wakimbiaji, na huwapata sana watu wanaosimama na kutembea mchana kutwa mahali pagumu. Watu wazito huwapata zaidi, na hata wale ambao misuli ya mashavu ya miguu yao imekaza. Kwa hivyo nyapara asituambie habari za uvivu. Mvivu hapati nafasi ya kuumia hivi.

Wako wanaoambiwa baada ya kupigwa picha ya eksrei kwamba kisiginoni kuna mfupa mdogo uliochomoza kama mwiba, nao huondoka na huzuni wakidhani hawatapona mpaka wapasuliwe. Wasiogope. Watu wengi wana mfupa huo na hawaumwi hata kidogo, na wengine waumwa bila kuwa nao. Walio wengi hupona bila kisu katika muda wa mwaka mmoja hivi.

Lakini neno hilo "mwaka" ndilo la kuangalia. Ukano hauponi upesi kama ngozi iliyokwaruzwa. Maumivu hutangulia kuondoka, na nguvu huchelewa kurudi. Kati ya siku maumivu yalipoondoka na siku nguvu zitakaporudi, hapo ndipo mwenzetu huumia tena. Hujiona mzima, gunia nalo lamngoja, na watoto wamngoja kwa ada ya shule. Sindano nayo yaweza kumdanganya. Katika uchunguzi uliofanywa Australia na kutangazwa mwaka 2012, sindano ya stiroidi ilipunguza maumivu kwa muda wa majuma manne hivi, baada ya hapo faida yake haikuonekana tena. Tena sindano zikirudiwa mara nyingi mahali pale pale ukano waweza kukatika. Hatusemi sindano ni mbaya. Daktari akiona yafaa, na aitoe. Twasema kwamba majuma yale ya nafuu ni nafasi ya kuujenga mguu, si ruhusa ya kubeba maradufu. Na mtu anayemeza vidonge vya maumivu kila asubuhi ili apate kubeba ni kama mlinzi anayeziba masikio usiku.

Basi aliyetibiwa afanye nini ili maumivu yasirudi? Haya hapa mambo manne, na yote hayagharimu fedha nyingi.

La kwanza ni kuunyoosha wayo kabla ya kukanyaga chini. Asubuhi, ukiwa bado umekaa kitandani, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole, vivute kuelekea kwako mpaka usikie ukano umekaza chini ya wayo. Hesabu polepole mpaka kumi, uachie. Fanya hivyo mara kumi, na kila siku mara tatu. Asiyeweza kuvifikia vidole na atumie leso au taulo kuvivutia. Huko Marekani mwaka 2003 madaktari walilinganisha zoezi hili na lile la zamani la kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu, nao waliona kwamba waliofanya hili walipata nafuu kubwa zaidi baada ya majuma manane. Zoezi hili halitaki mashine wala hospitali, lataka kukumbuka tu.

La pili ni kuutia mguu nguvu. Kunja kitambaa, ukiweke juu ya kipandio cha ngazi au jiwe lililo imara, usimame juu yake kwa vidole, kisigino kikiwa hewani. Shika ukuta usianguke. Inuka kwa kuhesabu tatu, kaa juu kwa kuhesabu mbili, shuka kwa kuhesabu tatu. Fanya mara kumi na mbili, upumzike, urudie mpaka zamu tatu. Fanya siku moja, ruka moja. Mwanzoni, kama mguu mmoja hauwezi, tumia yote miwili. Zoezi hili lilijaribiwa Denmark, na habari zake zilitangazwa mwaka 2014. Baada ya miezi mitatu waliolifanya walikuwa na nafuu kuliko wale walionyoosha tu. Mwaka ulipotimia makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, kupata nafuu miezi kadhaa mapema si jambo dogo. Na mazoezi haya yasikomeshwe siku maumivu yanapokwisha, maana ndipo kazi yake kubwa inapoanza.

La tatu ni kiatu. Kandambili nyembamba haikingi kisigino na saruji, nayo hulazimisha vidole kuishika kila hatua. Akala ni imara na ya bei nafuu, lakini ni ngumu. Basi kata kipande cha raba laini ukitie chini ya kisigino. Gambuti nazo hukinga maji na mawe, lakini ndani ni bapa, zataka kitu laini vile vile. Ukinunua kiatu cha mtumba, kwa mfano Kibuye huko Kisumu, usiangalie rangi. Bonyeza nyuma penye kisigino: pasibonyee kama karatasi. Kikunje: kikunjike penye vidole, kisikunjike katikati. Geuza utazame soli: kama imelika upande mmoja, kiatu kile kimekwisha kuubeba mwili wa mtu mwingine mpaka kikachoka. Na nyumbani pia usitembee miguu mitupu juu ya sakafu ngumu maadamu kisigino chauma. Pedi za kutiwa viatuni zinazouzwa tayari madukani zimeonekana kufaa kama zile zinazopimwa kwa bei kubwa, kwa hivyo mtu asikope fedha kwa ajili ya hizo za bei.

La nne ndilo gumu: kurudi kazini kwa kadiri. Mtu akiwa amekaa majuma matatu, asibebe siku ya kwanza kama waliokuwa wakibeba kila siku. Juma la kwanza abebe nusu au chini ya nusu, tena mizigo myepesi. Juma la pili aongeze kidogo. Hakimu wake ni asubuhi ya pili. Ikiwa hatua za kwanza za asubuhi hazikuzidi kuuma, jana alikwenda sawa. Zikizidi, apunguze siku hiyo, asingoje mpaka ashindwe kusimama. Maumivu madogo wakati wa kazi au mazoezi si lazima yawe hatari. Maumivu yanayoongezeka kila asubuhi ni onyo.

Hapa twataka kutia neno la tahadhari, maana si kila maumivu ya mguu ni ya ukano. Mguu uliovimba, wenye joto na wekundu, au mtu akiwa na homa, mguu usioweza kukanyaga baada ya kuruka au kuanguka kutoka mashuani, ganzi au kuwaka moto wayoni, kidonda kisichopona, hayo yote si ya kungoja wala si ya mazoezi. Enda dispensari upesi, au Madiany, au Bondo, na ikibidi wakupeleke hospitali kubwa ya Jaramogi Oginga Odinga huko Kisumu, ambayo watu wengi bado waiita Russia. Na mwenye kisukari azidi kujiangalia. Ugonjwa huo hufisha hisia za miguu, mtu akakanyaga kioo au mfupa wa samaki asijue. Kila jioni atazame nyayo zake, na kila asubuhi akung'ute viatu kabla ya kuvaa, wala asiingie majini miguu mitupu.

Sasa tuseme yale yanayotuhusu sote pamoja, kwa kuwa mambo manne tuliyotaja hayamwezi mtu peke yake. Mchukuzi aliyeambiwa abebe nusu atauliza: nani atanilipa ile nusu nyingine? Swali lake ni la haki, nasi hatutalikimbia.

Jibu la kwanza liko katika genge lenyewe. Pale gatini wengi wetu hatuna mwajiri mmoja. Twalipwa kwa gunia, na kikundi hugawana. Twajua kwamba genge lingine humwona aliyetoka kuugua kuwa mzigo, likampa chaguo moja: ubebe sawa na sisi au ukae nyumbani. Twasema desturi hiyo haifai, na hasara yake ni ya genge zima. Mtu huyo akivunjika tena, genge limepoteza mtu kwa miezi, si kwa majuma mawili. Katika kila genge iko kazi isiyo ya mabega: kuhesabu magunia, kushika kamba ya mashua, kulinda mizigo, kuandika daftari. Kazi hiyo iwe zamu ya yule anayerudi, naye apate sehemu yake, japo ndogo kidogo kama genge litakavyokubaliana. Leo ni yeye, kesho ni wewe. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jibu la pili ni kwa wale wenye mwajiri, wakiwamo wa feri, wa maghala na wa viwanda vya samaki mjini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi aliyetumika miezi miwili mfululizo, akiwa na cheti cha daktari, ana haki ya siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila mwaka wa kazi. Na yule anayeitwa kibarua, kama siku zake za kazi za mfululizo zimefika jumla ya mwezi mmoja, sheria hiyo hiyo yamtoa katika ukibarua na kumhesabu kama mtu wa mshahara wa mwezi. Wengi hawajui, ndiyo sababu hurudi kazini wakichechemea. Chukua cheti, peleka kwa mwajiri, weka nakala yako.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, yasema zaidi. Watu wanaofanya kazi wamesimama sharti wapewe mahali pa kukaa, ili kila nafasi ya kupumzika inapopatikana waitumie. Mwajiri haruhusiwi kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumdhuru. Na mahali penye wafanya kazi ishirini au zaidi sharti iwepo kamati ya usalama na afya, yenye wajumbe wa wafanya kazi ndani yake. Twauliza: benchi ziko wapi? Ubao mmoja na matofali manne ni benchi. Mwajiri asiyeweza kununua ubao mmoja hatatushawishi kwamba atanunua dawa.

Na juu ya uzito tuseme wazi. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi la Dunia, yaani ILO, lilipendekeza kwamba pale ambapo mzigo wa mwanamume mmoja mzima wazidi kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza ufikie hapo. Gunia la mahindi ambalo wazee wetu walibeba, na ambalo bado labebwa, ni kilo 90. Kila mtu aweza kutoa hesabu: ni kilo 35 zaidi ya kiasi kile. Kilo hizo 35 hazipotei hewani. Hushukia juu ya ukano ule mmoja wa wayo, hatua kwa hatua, kutoka majini mpaka kwenye lori.

Kwa hayo yote, twatoa mashauri haya kwa matawi yetu, nayo twaomba yajadiliwe katika mkutano ujao.

Kwanza, kila genge liwe na mapatano yaliyoandikwa juu ya zamu nyepesi ya anayerudi kutoka kuugua, kwa muda usiopungua majuma mawili.

Pili, wajumbe wetu waonane na kamati ya ufuko, ile iitwayo BMU, juu ya njia ya kutoka majini. Mawe yanayoteleza yaondolewe, mbao ziwekwe za kupandia, na uwepo mkokoteni wa kuvuta mizigo pale ardhi inapokuwa tambarare. Mkokoteni mmoja waweza kuokoa visigino vingi kuliko sindano nyingi.

Tatu, katika kila mapatano mapya ya kazi wawakilishi wetu wadai viatu vya kazi vyenye kisigino laini kwa gharama ya mwajiri, benchi za kupumzikia, na kazi nyepesi kwa aliyeandikiwa hivyo na daktari.

Nne, mwakilishi wa kila mahali aweke daftari, aandike nani aliugua mguu, siku ngapi alikosa kazi, na kama maumivu yalirudi. Tukienda mbele ya waajiri na malalamiko matupu watatuambia tunasimulia hadithi. Tukienda na daftari, watalazimika kulisoma.

Akina mama wa omena wasiachwe nje ya mashauri haya. Karai kichwani huubonyeza wayo kama gunia lifanyavyo mgongoni, na mama akitoka ufukoni huenda kusimama tena jikoni. Nao waingie mkutanoni, waseme wenyewe.

Ndugu, daktari ametibu mguu, amemaliza sehemu yake. Sehemu yako ni leso ya asubuhi na kiatu kizuri. Sehemu ya genge ni zamu nyepesi, na sehemu ya mwajiri ni benchi, kiatu na gunia lililopunguzwa. Ikikosekana moja, tutamwona mwenzetu tena mwezi ujao kwenye mstari wa dispensari, na kisigino kile kile mkononi. Mkutano utakapoitwa, njooni nyote, hata mkichechemea.

Umoja ni nguvu.